Vipokezi vya Zamani vya Saa na Namba Zisizotoshea

Mkazi anapolipia kibali cha biashara kwa simu, risiti huja na tarehe, saa na dakika. Wakati huo hutoka kwenye seva. Katika vituo vingi vya data na mitambo ya simu, seva husawazishwa na kipokezi kidogo chenye antena juu ya paa, kinachosikiliza setilaiti za GPS za Marekani. Saa ikipotoka, inakuwa vigumu kujua nani alilipa kabla ya faini kuanza, au mgonjwa alidungwa dawa saa ngapi.

Setilaiti za GPS hutuma mawimbi yao katika masafa mamoja, hivyo kipokezi huzitofautisha kwa namba. Kwa miaka mingi namba zilizotumika ni 1 hadi 32, na hapo ndipo tatizo lilipojificha. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja. Nafasi tano zinatoa michanganyiko 32, lakini wa kwanza ni sifuri, kwa hiyo namba kubwa kabisa inayotoshea ni 31. Programu iliyotengewa nafasi tano tu ikikutana na namba 32, huisoma kama sifuri, yaani setilaiti isiyokuwepo.

Hilo halikuonekana mapema kwa sababu namba 32 ilikaa muda mrefu bila kutumika. Setilaiti moja iliyorushwa Novemba 1990 ilikuwa na namba 23. Ilipostaafishwa, namba yake ikapewa setilaiti nyingine iliyorushwa mwaka 2004. Ile kongwe iliporejeshwa kazini mwaka 2008, ilipewa 32, na baadhi ya vipokezi vya zamani havikuweza kuitumia.

Ilipoondolewa kabisa Januari 2016, hitilafu ya programu ya ardhini ilifanya setilaiti kadhaa kutangaza wakati uliokosewa kwa takriban mikrosekunde 13. Kisa hicho hakikutokana na namba, lakini kilionyesha jinsi mitandao ya mawasiliano inavyotegemea saa hizi: kengele za tahadhari zililia katika nchi mbalimbali.

Mfumo wa BeiDou wa China nao ulianza na namba 37, kisha zikaongezwa hadi 63. Kipokezi chenye orodha ya zamani hakizioni setilaiti mpya, hata zikiwa juu yake kabisa.

Je, kuna haja ya hofu? Mara nyingi, hapana. Kipokezi cha saa kinahitaji setilaiti nne ili kijue kilipo. Kikishajua, na kama hakihamishwi, hata setilaiti moja inaweza kukitunzia wakati. Mashaka huanza pale antena imebanwa kati ya majengo marefu au imefunikwa na mwembe, na setilaiti zinazoonekana ni chache. Hapo, kila moja inayorukwa ni hasara.

Maafisa wa TEHAMA katika hospitali, kampuni za maji na ofisi za mapato wanaweza kuanza kwa kulinganisha orodha ya setilaiti kwenye kipokezi na ile ya simu ya kisasa iliyo mahali pamoja. Namba ileile ikikosekana siku baada ya siku, mtengenezaji aulizwe kama ana programu mpya. Wanaonunua vipokezi vya mitumba nao waulize, kabla ya kulipa, kifaa kinasoma namba hadi ngapi katika kila mfumo.