Nguo Kavu, Makala Yabaki ya Kupikia

Mvua ya Masisi na Walikale sote tunaijua. Nguo ya masomo, ile nyeupe na bulu, inafuliwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi bado ni mbichi. Wengi wetu tunaitandaza karibu na mbabula. Mtoto anaenda masomo, lakini makala ya kupikia maharagi yamekwisha.

Sisi walimu tunawaeleza watoto jambo hili: kukausha lita moja ya maji kwa moto kunaomba joto zaidi ya mara tano kuliko kuyachemsha tu. Ndiyo sababu mbabula inakula makala na shuka halikauki. Lakini maji yanayotolewa kwa mikono hayaombi hata kipande kimoja cha makala.

Basi, tufanye hivi:

Tukamue vizuri. Shuka na vitenge tukamue watu wawili, kila mmoja akishika ncha yake. Nguo ya mtoto tuiviringe ndani ya kitambaa kikavu, tuikanyage, kisha tuianike.

Tufue mapema. Mara nyingi mvua inakuja mchana, kwa hiyo jua la asubuhi tusilipoteze. Tusifue nguo zote siku moja. Nguo ya masomo iwe ya kwanza.

Tufunge kamba penye upepo. Kule Masisi milima inatusaidia. Walikale, karibu na pori, hewa ina majimaji mengi. Tuchague mahali peupe na tuachanishe nguo. Mvua ikinyesha, kamba ya pili iwe chini ya paa la baraza.

Tusianike chini wala kwenye majani. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye udongo na kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Funza wake wanaingia kwenye ngozi na kuleta majipu. Nepi na nguo za ndani zikauke kabisa, kisha tuzipige pasi ya moto pande zote, hata kwenye mishono. Makala ya pasi hiyo si hasara.

Jambo moja tusilifanye kamwe: kufunga mlango na kulala na mbabula inayowaka, eti nguo zikauke usiku. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Inaua watu wakiwa usingizini, watoto pia.

Hata ndugu zetu walio Ubelgiji au Kanada, wenye mashine ya kukaushia nguo kwa umeme, wanafuata kanuni hiyohiyo: nguo ikamuliwe sana kwanza, ndipo umeme upungue.

Sasa tuhesabu. Tuseme mama anaokoa makala ya franga 500 kila juma. Kwa majuma 52 ni franga 26.000. Akiziweka kwenye likelemba, zitasaidia kununua madaftari mwezi wa tisa.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kituambie kimeokoa ngapi.