Sanaa Iko Mlangoni Petu, Tuwashike Watoto Mkono

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Wasomaji wapenzi, juma hili tumeonelea tulizungumzie jambo ambalo wazazi wengi wa mjini hulihesabu kuwa anasa, nalo ni kuwaonyesha watoto sanaa. Sanaa ikitajwa, fikira hukimbilia kumbi kubwa na viingilio vya pesa nyingi. Basi mzazi mwenye kodi ya nyumba na karo ya shule hulisukuma jambo hilo kando. Hali ya kuwa mkaazi wa Mombasa amezungukwa na sanaa, tangu miimo ya mlango hadi pindo la leso. Tunachokosa ni mtu mzima wa kusimama na mtoto akamwambia, "Tazama."

Zamani kazi hii ilijiendea yenyewe. Bibi alikaa nyumba moja na wajukuu, akasuka ukili huku akisoma tenzi, na mtoto akalala mapajani pake mizani zikimwingia masikioni. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, malenga wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2017, aliupata ushairi kwa bibi yake. Leo familia nyingi ziko Kisauni, Likoni au Changamwe katika nyumba za kupanga. Bibi amebaki Faza au Vanga, na wazazi wote wawili hurudi jioni wamechoka. Nafasi ya bibi imepewa simu. Simu ina mengi, lakini haina ukoo na mtoto wetu.

Tumtazame Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Angeweza kumkalisha akamuusia kwa maneno ya kila siku, lakini alichagua kutunga, kwani maneno yenye vina na mizani hukaa moyoni. Mama yule amekwisha kwenda kwa Mola wake, na wasia wake ungali unasomwa.

Wapo wanaochelea kwamba mambo haya ni upuuzi unaoiudhi dini. Swali lao ni la kheri, na jawabu limo katika sira. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, akamwekea mimbari msikitini. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, Bibi Aisha, naye ni kijana mdogo, alitamani kuwatazama. Mtume alimsitiri kwa shuka yake na akasimama naye mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Tuizingatie subira hiyo. Kiongozi wa umma, mwenye shughuli zisizokwisha, hakumharakisha. Mipaka ipo, nayo tunaijua: Swala isipite, stara isivunjwe, na matusi na uchafu visisikizwe. Ndani ya mipaka hiyo, uwanja ni mpana.

Basi tuanzie wapi? Tuanzie Mji wa Kale, baada ya alasiri, jua likishapoa. Katika Ndia Kuu, mama amwambie mwanawe kwamba *ndia* ni *njia* kwa Kimvita, kisha wasimame mbele ya mlango mmoja tu. Huu ni mfaa, nguzo ya katikati. Hii ni miimo. Hapa juu ndipo fundi alipotia nakshi nyingi kwa patasi. Mtoto apewe karatasi na penseli achore ua moja alilolipenda. Mkono unaochora hulifundisha jicho kutazama.

Siku nyingine iwe ya Fort Jesus. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia. Ndani mna vyombo vya udongo, na vitu vilivyotolewa katika jahazi la Kireno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Tusimkimbize mtoto chumba hadi chumba. Achague kitu kimoja, atuambie kilitumika vipi na nani alikishika.

Biashara Street nako ni shule. Leso ina pindo lake, mji wake na jina lake. Mama amwachie binti yake asome majina na kuyafasiri: lipi la upendo, lipi la kumsema jirani, na lipi la kumpelekea bibi. Hapo binti atajifunza lugha na adabu kwa wakati mmoja.

Na siku ambazo nauli haipo, sanaa ibaki nyumbani. Baada ya maghribi, ubeti mmoja wa utenzi unatosha. Watoto wahesabu mizani minane katika kila kipande. Wasikilize vipande vitatu vikikubaliana kwa kina kimoja, na cha nne kikishika kina kinachopita utenzi mzima. Kisha kila mmoja ajaribu kutunga wake, hata uwe wa kuisifu chai. Baba asione haya kutunga. Anayejua khati amfundishe mtoto kuandika *Bismillahi* kwa mwandiko mzuri, ibandikwe ukutani.

Jambo hili halitaki kusubiri. Milango ya nakshi inang'olewa na ya chuma inatiwa, na kesho warithi wa nyumba hizo ni watoto hawa hawa. Mlango usiojulikana thamani yake huuzwa kwa bei ya kuni, na utenzi usiojulikana maana yake hutupwa pamoja na daftari la marehemu. Tusije tukawalaumu vijana kwa kuuza kile ambacho hatukuwaonyesha.

Tunawausia, na tunajiusia nafsi zetu, tutenge alasiri moja kila mwezi. Simu ifungwe, mtoto ashikwe mkono, na tusimame naye mpaka yeye mwenyewe atosheke.

Ewe Mola, tupe katika wake zetu, waume zetu na watoto wetu kituliza macho, na utujaalie tuwe wenye kurithisha kheri. Amin.