Mpaka wa Shamba na Jina la Bibi

Anayetafuta asili ya ukoo wake Zanzibar huanza kwa wazee, na ndivyo ipasavyo. Lakini simulizi huchagua: humtaja babu mwenye mikarafuu, humnyamazia bibi aliyewahi kuwa mtumwa. Hapo ndipo nyumba ya nyaraka iliyopo Kilimani inapofaa. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897, walioomba uhuru mahakamani waliandikwa. Hati za wakfu na za mauzo ya mashamba nazo hutaja jirani wa kila upande, kibla na matlai, jina kwa jina.

Wapo wasemao hati hizo ni za watawala, haziaminiki. Ni kweli makarani walikosea majina, na mtumwa mara nyingi aliandikwa kwa jina moja tu, bila la baba. Lakini mpaka wa shamba haukuandikwa kumsifu mtu. Uliandikwa ili kesi isizuke, na ndiyo maana nauamini kuliko nasaba iliyopambwa. Basi kabla hujaenda Kilimani, muulize mzee jina la mtaa, la shamba na la aliyelimiliki. Kayaandike leo, angali hai.