Turbo mbili, breki moja ya ekzosi

Breki ya ekzosi ni kifuniko cha chuma, cha duara mfano wa kisahani, kinachokaa ndani ya bomba la moshi la lori. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta, kifuniko hugeuka na kuziba karibu njia yote. Mafuta yamekatwa, kwa hiyo kinachopita ni hewa tupu, nayo inakosa pa kutokea. Presha inapanda, na kila pistoni inayopanda kutoa hewa inakuwa kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa upande wa pili. Ukinzani huo hufika hadi kwenye magurudumu na kulipunguza lori mwendo.

Dizeli inaihitaji breki hii kuliko petroli. Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa inayoingia, hivyo ikiachwa bila mafuta hulishika gari yenyewe. Ya dizeli huvuta hewa bila kizuizi, na nguvu inayotumika kuibana hewa hiyo hurudi karibu yote inapotanuka. Ndiyo sababu lori lenye tela na mzigo, likiteremka Kitonga mkoani Iringa kwa breki za magurudumu peke yake, hufika chini breki zikinuka kuungua. Madereva wana kanuni yao isiyopitwa na wakati: shuka na gia uliyopandia. Breki ya ekzosi huipa kanuni hiyo nguvu, kwa sababu kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyoshika zaidi.

Kazi huwa ngumu pale injini inapofungwa turbo mbili. Mpangilio unaopendwa na wamiliki wa Dodge Ram zenye injini ya Cummins huko Marekani ni wa kufuatana. Moshi huzungusha turbo ndogo, kisha kubwa, ndipo uingie kwenye bomba. Hewa huanzia kubwa na kumalizia ndogo. Swali la kwanza ni kifuniko kikae wapi.

Kikiwekwa katikati ya turbo hizo, nafasi ya kujaza presha ni ndogo na breki hushika haraka. Lakini hapo joto ni kali, nafasi ni finyu, na lori linapovuta mzigo kifuniko hubaki kwenye presha muda wote. Kuna tatizo baya zaidi. Turbo ndogo kwa kawaida ina kilango cha pembeni cha kupunguzia moshi. Kama njia ya kilango hicho inaangukia baada ya kifuniko, presha ya breki inaweza kukisukuma kilango kikafunguka, hewa ikatoroka, na dereva akabaki na breki ya jina tu. Mahali pazuri ni baada ya turbo kubwa, ambapo njia zote zimekwisha kukutana. Breki itachelewa kidogo, maana bomba la hapo ni pana, mara nyingi inchi 4 au 5, lakini haina pa kuvujia isipokuwa kwenye maungio. Ukiona mstari mweusi wa masizi kando ya klampu, ujue presha inapotea hapo.

Kiasi cha presha kinachoruhusiwa hakiamuliwi na turbo. Kinaamuliwa na springi za vali za kutolea moshi. Silinda moja inapovuta hewa, presha iliyojaa kwenye manifoldi ya moshi huisukuma vali yake kwa nyuma. Ikiizidi nguvu springi, vali inafunguka bila ruhusa na kujipigiza kwenye kikalio chake. Kwa injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye vali 12, iliyofungwa kwenye Ram za 1989 hadi 1998, mafundi hubadilisha springi na kuweka zile wanazoziita za paundi 60, yaani zinazohimili presha ya paundi 60 kwa inchi ya mraba.

Cummins ya lita 6.7, iliyoingia kwenye Ram mwaka 2007, ina habari tofauti. Turbo yake hubana njia ya moshi yenyewe na kufanya kazi ya breki. Anayeing'oa na kuweka turbo mbili za kawaida anaing'oa na breki. Uamuzi wa busara ni kuiacha ile ya kiwandani iwe ndogo, kisha kuongeza kubwa pembeni yake.

Presha ya breki pia hutafuta njia kwenye sili za turbo. Turbo iliyochakaa huipitisha hadi kwenye oili, na dalili yake ni kipumulio cha injini kutoa moshi mwingi breki inaposhika. Kwenye gia za otomatiki, konveta ya gia isipojifunga, magurudumu hayawezi kuizungusha injini vya kutosha na breki haisaidii. Na barabara ikiwa na utelezi, hasa lori likiwa tupu, izimwe: inashika magurudumu ya kuendesha peke yake, na tela linaweza kulisukuma lori likajikunja.

Mwenye lori la turbo mbili afunge geji ya presha kwenye manifoldi, kabla ya turbo zote, aisome kwanza kwenye barabara tambarare. Ikizidi uwezo wa springi, asiteremke mlima na breki hiyo mpaka springi zibadilishwe au tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko lipanuliwe.