Ruta ya gemu: msiuziwe mapembe!

Kuna vijana wa kibanda cha gemu hapa mtaani Kilwa Masoko wanachanga hela wanunue ruta ili wacheze eFootball na Call of Duty Mobile mtandaoni. Wameonyeshwa moja ya bei mbaya, ina antena nane kama mapembe na taa nyekundu, na boksi linasema ni ya gemu. Wanauliza: tuchukue? Nikawaambia wasubiri, maana hela ya mchango ikishatoka hairudi.

Kwanza tutofautishe spidi na pingi. Spidi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Pingi ni muda ambao ujumbe unatumia kutoka kwenye simu yako kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, na unapimwa kwa milisekunde (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Ukiwa unacheza, gemu haili data kama video. Inachotaka ni pingi ndogo, tena iliyotulia. Pingi ya 90 isiyoyumba utaizoea. Ile inayoruka 60, mara 400, mara 80, ndiyo inakufanya upige shuti wakati kipa keshadaka!

Sasa, kuna kitu hakuna ruta inayokiweza: umbali. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kilwa mpaka Johannesburg ni kama kilomita 2,300 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi 4,600. Hesabu hiyo inakupa milisekunde 23, na chini ya hapo hushuki hata ufanyeje. Frankfurt, Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 7,000, kwa hiyo huko unaanzia 70. Na kebo zinazunguka baharini, hivyo namba halisi ni kubwa zaidi. Kama gemu lako linakuruhusu kuchagua seva, chagua ya karibu. Hiyo ni bure.

Mnakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mafuriko yake, barabara ya Dar–Lindi ilivyokatika pale Somanga? Hata ungepanda basi jipya kabisa, ungelala njiani. Mwezi huohuo, tarehe 12, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya nchi ikawa ya kobe. Ruta ni basi tu wadau, barabara haitengenezi.

Basi ruta inasaidia wapi? Angalieni haya manne.

1. FOLENI. Siri kubwa iko hapa. Wewe unacheza, mwenzako anashusha muvi. Ruta ya kawaida inapanga data zote kwenye foleni moja ndefu, na kiujumbe chako cha gemu kinasubiri nyuma ya mzigo wa muvi. Mmarekani Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, njia ya kuzuia foleni isirefuke. Ikafuata FQ-CoDel, ambayo inatenganisha foleni ili mzigo mkubwa usimzibie mdogo. Kwenye maelezo ya ruta tafuta maneno SQM, FQ-CoDel au CAKE. Ukiiwasha, weka kikomo chini kidogo ya spidi yako halisi. Kwa laini ya simu, pima spidi jioni wakati mnara umejaa, ndiyo uweke kikomo.

2. MNARA. Wengi wetu huku faiba haijafika nyumbani, ruta inakula laini ya simu. Kabla ya kununua, jaribu laini za mitandao tofauti palepale utakapocheza. Chukua ruta isiyofungwa kwa mtandao mmoja na yenye matundu ya antena ya nje. Iweke juu, dirishani, upande wa mnara. Ndani ya mipangilio kuna namba inaitwa RSRP: ikiwa karibu na -80 uko vizuri, ikifika -110 utateseka.

3. WAYA. Kompyuta au PlayStation ichomeke kwa waya wa neti, moja kwa moja. Simu ziweke kwenye waifai ya 5 GHz, kwa sababu ile ya 2.4 GHz inagombaniwa na vitu vingi, hata Bluetooth. Ila 5 GHz haipendi kuta, kwa hiyo kaeni chumba kimoja na ruta.

4. UMEME. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12. Soma kibandiko chake. Ukipata betri ndogo ya kulingana nayo, umeme ukikatika mechi inaendelea.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, fanyeni jaribio hili kwa ruta au simu mnayotumia sasa. Pima pingi ukiwa peke yako, alfajiri, karibu na kifaa. Halafu pima tena mwenzako akishusha faili kubwa. Kama ya kwanza ni nzuri na ya pili inaruka, tatizo ni foleni, na ruta yenye SQM itawasaidia sana. Kama hata alfajiri ni mbaya, tatizo ni mnara au barabara. Hapo badilisheni laini, jaribuni antena, msiguse hela ya mchango.

Kwa hiyo vijana wangu, yale mapembe hapana kwanza. Muulizeni muuzaji swali moja: ina SQM? Akianza kuwaelezea taa, ondokeni.

Wadau wa Lindi, Kilwa Kivinje na Nangurukuru, nyie pingi zenu zinasomaje usiku? Wekeni kwenye maoni hapo chini, pamoja na mtandao mnaotumia, tusaidiane. Tuko pamoja!