Sura ya 7: Homa Imeshuka, Miguu Imekwenda Wapi?

Mzee akitoka hospitali pale Bariadi, swali la kwanza la majirani ni moja: homa imeshuka? Wakiambiwa imeshuka wanashukuru, wanaacha kilo ya sukari na soda mbili, kisha kila mtu anarudi kwenye pamba yake. Mzee anabaki kwenye mkeka. Wiki tatu baadaye bado anashika ukuta kwenda chooni, na nyumbani wanaanza kusema uzee umemfika. Mara nyingi si uzee. Ni njaa iliyopita katikati ya ugonjwa bila kuonekana, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye kikohozi.

Tangu Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, tumejifunza mengi kuhusu mapafu na oksijeni. Kuhusu bakuli la mgonjwa tumejifunza kidogo. Tulisikia zaidi habari za nyungu, tangawizi na malimau. Sina ugomvi na tangawizi, ila haijengi msuli.

Na msuli ndio unaoliwa. Virusi vikiushambulia mwili kwa nguvu, kinga inatengeneza chembe mpya na protini mpya usiku na mchana, huku homa ikiunguza nishati zaidi ya kawaida. Mgonjwa hasikii harufu, chakula kina ladha ya karatasi, anasukuma sahani. Basi mwili unachukua malighafi mahali pa karibu, kwenye mapaja na mabega yake mwenyewe. Msukuma ataelewa haraka: ni kaya iliyouza maksai wa kulimia ili inunue mahindi. Mwaka umevukwa, lakini msimu ujao mtalima na nini?

Kijana analipa deni hilo upesi. Mzee aliingia kwenye ugonjwa akiwa na msuli mchache, na msuli wake ni mzito kuitika. Protini inayotosha kuuamsha msuli wa kijana haimtoshi yeye. Kulala tu kunatosha kumdhuru. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, waliokaa kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Hao hawakuwa na homa wala kikohozi, na chakula walikuwa wakipata.

Sasa tazama kikombe cha uji tunachompelekea mgonjwa. Wataalamu wa lishe wanapendekeza mzee anayeumwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kilokalori zipatazo 30. Mwenye kilo 50 anahitaji walau gramu 60 za protini na kilokalori 1,500. Uji mwepesi wa robo lita, wenye vijiko viwili vya unga wa mahindi, una protini isiyofika gramu 2. Akinywa vikombe vitatu, familia inasema leo amekula vizuri. Amepata gramu 5 hivi. Mengine ni maji.

Nusu ya maji hayo iwe maziwa. Ongeza vijiko viwili vilivyojaa vya karanga za kusaga, na yai lililopigwa, ukikoroga uji ukiwa bado unatokota ili yai liive. Kikombe kilekile sasa kina karibu gramu 19, na vitatu vinafika 57. Dagaa wa Busega waliosagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi wa jioni wanamalizia hesabu. Asiye na meno apikiwe michembe hadi ilainike, ipondwe na karanga. Vyote hivi vipo Simiyu, tena si vya kuagiza. Kinachoniudhi ni kuona mayai ya nyumbani yakiuzwa ili inunuliwe soda ya mgonjwa.

Zipo tahadhari. Aliyekaa siku tano au zaidi bila kula chochote cha maana asishibishwe siku moja. Chumvichumvi za damu, hasa fosfeti, zinaweza kushuka ghafla na moyo ukayumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya wafungwa wenye njaa waliofunguliwa kutoka kambi za vita walikufa baada ya kula shibe yao ya kwanza. Aanze na kidogo, mganga akijua. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kuuliza, na wa kisukari apangiwe chakula chake. Anayepaliwa akinywa aketishwe wima, asinyweshwe akiwa amelala.

Kisha ainuke. Protini isiyopewa kazi haigeuki msuli kwa urahisi, kwa hiyo "mwacheni apumzike" ina kikomo chake. Akiwa hana homa na pumzi imetulia, mketishe kwenye kiti, umshike mkono, asimame na kuketi mara tano, asubuhi na jioni. Wajukuu wanaweza kuhesabu.

Usipokuwa na mizani ya kujua kama anakonda, tazama nguo: suruali inayohitaji kamba mpya, kanga inayozunguka kiuno mara moja zaidi. Na ukiulizwa na jirani kama mzee amepona, usijibu kwa homa. Subiri siku atakayoinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta.