Tangawizi yatuliza kichefuchefu, lakini soko lake lipo jikoni

MNGETA, wilayani Kilombero, inajulikana kwa mpunga. Lakini katika masoko ya bonde hilo, kama ilivyo kwingi nchini, tangawizi nayo haikosi mnunuzi, na siku hizi inauzwa kwa sifa mpya: kwamba ni dawa kwa wagonjwa wa saratani. Mkulima anayetaka kuongeza eneo la zao hili kwa sababu ya sifa hiyo anapaswa kwanza kujua ukweli ni upi na hesabu inasemaje.

Wagonjwa wengi wa saratani hutibiwa kwa dawa kali zinazoua seli za ugonjwa, tiba ambayo nchini hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na baadhi ya hospitali kubwa za rufaa. Dawa hizo huyafanya matumbo yatoe kemikali iitwayo serotonini, ambayo huamsha mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa kwenye ubongo, na mgonjwa akatapika. Viambato vikali vya tangawizi, jinjeroli na shogaoli, huonekana kuzuia sehemu ya taarifa hiyo.

Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa 576. Waliopewa nusu gramu au gramu moja ya tangawizi kwa siku, kwa siku 6 kuanzia siku 3 kabla ya tiba, walipata nafuu ya kichefuchefu cha siku ya kwanza. Waliopewa gramu moja na nusu hawakupata nafuu zaidi ya hiyo. Wote waliendelea kutumia dawa za hospitali za kuzuia kutapika. Utafiti mwingine wa Italia, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona faida ya jumla.

Kwa maneno mengine, tangawizi ni msaidizi tu. Haitibu saratani wala haichukui nafasi ya dawa za daktari. Aidha, inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye chembe sahani zake zimepungua kutokana na tiba. Mgonjwa amweleze daktari kabla ya kuanza kuitumia.

Sasa hesabu ya soko. Chukua mgonjwa anayetumia gramu moja kwa siku 6, katika awamu 6 za tiba. Jumla ni gramu 36. Gunia moja la kilo 100 za tangawizi kavu linatosha wagonjwa zaidi ya 2,700. Anayepanda ekari nzima akitegemea wagonjwa atabaki na mzigo ghalani. Soko halisi ni chai, viungo vya pilau, vinywaji na viwanda.

Faida nyingine ipo katika ukaushaji, lakini nayo ina masharti. Kilo 5 hivi za tangawizi mbichi hutoa kilo moja kavu. Kwa hiyo, kama kilo mbichi inauzwa shambani sh 1,500, kavu isipozidi sh 7,500, pamoja na gharama za kuosha, kukata na kuanika, ni afadhali kuuza mbichi. Bei hizo ni za mfano. Kila mkulima aweke za soko lake.

Kuhusu shamba, majaruba ya mpunga hayafai, kwa kuwa tangawizi huoza mizizi maji yakituama. Inafaa kupandwa kwenye matuta, katika ardhi ya mwinuko isiyotuamisha maji, kwa mbegu isiyo na dalili za kuoza. Huvunwa baada ya miezi 8 hadi 10, hivyo fedha hukaa ardhini muda mrefu kuliko za mpunga.

Anayekausha atumie vichanja vilivyoinuliwa, si kuanika chini kando ya barabara. Tangawizi isiyokauka vizuri huota ukungu, na kinga ya mgonjwa wa saratani huwa imeshuka. Kwa mgonjwa huyo unga mchafu ni hatari kuliko kichefuchefu chenyewe.

Mfanyabiashara naye asiandike kwenye pakiti kwamba bidhaa yake inatibu saratani. Tangawizi ni chakula, na ubora wake husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ikiitwa dawa, inaingia katika sheria nyingine kabisa. Pakiti safi, yenye uzito sahihi na tarehe ya kusagwa, itamrudisha mteja bila ahadi yoyote ya uponyaji.